Dhuluma za nyumbani si siri ya familia

KILIO kinaposikika usiku kutoka nyumba ya pili, majirani wengi hufunga dirisha na kusema hayo ni mambo ya mke na mume. Kimya hicho humwacha mwathiriwa peke yake, ilhali sheria ya Kenya haihesabu tena kipigo cha nyumbani kuwa siri ya familia.

Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu watimize miaka 15. Wanaume pia huathirika, ingawa wengi wao hunyamaza kwa kuogopa kuchekwa.

Mnamo 2015, Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani. Chini ya sheria hiyo, dhuluma si ngumi na mateke pekee. Vitisho, kunyimwa pesa za matumizi, kuharibiwa mali, ndoa za watoto, ukeketaji, kurithi wajane kwa lazima na hata wakwe kuingilia ndoa ni baadhi ya makosa yaliyotajwa.

Aliyeumizwa anashauriwa kwenda hospitalini kwanza. Ikiwa amenajisiwa, asioge wala kufua nguo alizovaa. Aziweke katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ili ushahidi usiharibike. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na zile za kuzuia mimba kabla ya saa 120.

Katika kituo cha polisi, mwathiriwa huandikisha taarifa, akapewa nambari ya OB na fomu ya P3 ambayo hujazwa na daktari. Ana haki ya kuomba kuhudumiwa na afisa wa jinsia anayoitaka.

Aidha, anaweza kuiomba mahakama amri ya kinga. Amri hiyo inaweza kumzuia mshtakiwa kumkaribia mwathiriwa, au hata kumtoa katika nyumba wanayoishi pamoja, bila kujali nyumba hiyo ni ya nani.

Hata hivyo, kesi nyingi hufia vikaoni mwa wazee. Mbuzi hutolewa, fidia hulipwa na mwathiriwa huambiwa arudi akavumilie. Mficha maradhi, kifo humuumbua: mara nyingi kipigo hurejea kikiwa kikali zaidi.

Ndiyo maana jukumu la jamaa na jirani ni kubwa. Asimwulize mwathiriwa kwa nini hakuondoka mapema. Amsikilize, amwamini na kumsindikiza hospitalini. Anaweza pia kumhifadhia kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na nauli, ili siku ya kuondoka asikwame.

Msaada upo. Nambari ya simu 1195 hupigwa bila malipo, nayo 116 ni ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto. Shirika la mawakili wanawake, FIDA-Kenya, lililoanzishwa mwaka 1985, huwapa wanawake wasiojiweza msaada wa kisheria.

Jirani anayebisha mlango wa chifu au kupiga simu mapema huenda akaokoa maisha ambayo maombolezo hayawezi kuyarejesha.