Soya na Wenziwe wa Udongoni

Kunde, mbaazi na choroko twazijua tangu utoto. Soya ni mgeni kwetu. Na mtu asiyejua safari yake hataelewa mbona katika bustani moja hukataa kuzaa, na katika bustani ya jirani hujaa maganda.

Nchi yake ni China, ambako watu waliilima tangu zamani za kale. Tabibu Mjerumani Engelbert Kaempfer, aliyewahi kukaa Japani, aliwaeleza watu wa Ulaya habari zake katika kitabu chake cha mwaka 1712. Kisha baharia Samuel Bowen, aliyefika China, alichukua mbegu mpaka Georgia katika Marekani, zikapandwa karibu na Savannah mwaka 1765. Benjamin Franklin naye alituma mbegu kutoka London mwaka 1770, kwa rafiki yake John Bartram wa Philadelphia. Hata hivyo zaidi ya miaka mia ilipita kabla soya haijawa zao kubwa la Marekani. Sababu zilikuwa nyingi, na moja ilijificha chini ya ardhi.

Mwaka 1888 Wajerumani wawili, Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth, walieleza kwa majaribio kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata chakula hewani kwa msaada wa vinundu vya mizizini. Ndani ya vinundu hukaa bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Hao huitwaa naitrojeni ya hewa wakaipa mmea, na mmea huwalipa kwa sukari yake. Lakini si kila bakteria hupatana na kila mmea. Wale wanaopatana na soya walikuwa katika udongo wa nchi zake za asili. Mbegu yaweza kusafiri mfukoni. Udongo hubaki nyuma. Ndiyo maana, mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa Marekani walichota udongo wa shamba la soya la zamani wakaumwaga katika shamba jipya.

Kwetu soya ililetwa na Wajerumani mwaka 1907, huko Amani katika milima ya Usambara. Hakika wengi walioijaribu baadaye hawakuambiwa habari ya wale wenziwe. Wala sisi hatukuambiwa. Tulipanda soya katika bustani ya shule, ikatoka vizuri, kisha majani yakawa ya manjano na maganda yakawa machache. Tukawakemea watoto, tukisema hawakupalilia. Mmoja akajibu kwa adabu kwamba magugu hayapo, naye alisema kweli, tulimnyamazisha. Tulipong'oa miche, mizizi ilikuwa mitupu, haina hata kinundu kimoja.

Mama mmoja wa bonde la pili, ambaye soya yake husitawi kila mwaka, alitupa kikapu cha udongo wa shamba lake. (Udongo huu uchukuliwe katika shamba lisilo na ugonjwa, la sivyo mtu ataleta na maradhi.) Tuliuchanganya na mbegu kivulini, tukapanda jioni na kufukia mara moja, kwa kuwa jua kali huwaua bakteria. Miche ilipoanza kutoa maua tuling'oa mmoja: vinundu vilijaa, na tulipovikata vilikuwa vyekundu ndani, dalili ya kuwa vinafanya kazi.

Siku hizi kuna unga wa bakteria unaouzwa kwa ajili ya mbegu. Tena wataalamu wa Ibadan, Nigeria, walizalisha aina za soya zinazopatana na bakteria wa udongo wa Afrika. Na aina ya Magoye ya Zambia ina tabia hiyo hiyo. Basi mwenye bustani aulize kwanza mbegu yake ni ya aina gani.

Majani yalipopukutika na mbegu kulia ndani ya maganda, tulivuna asubuhi umande ungalipo, maana adhuhuri maganda hupasuka na mbegu hutawanyika. Tukaanika, tukapura polepole juu ya jamvi. Za kula hupikwa mpaka ziive sana, kwani soya mbichi huzuia tumbo kusaga chakula. Za mbegu hazidumu katika joto. Zetu tulizipanda mvua zilizofuata. Siku ile ya kupura tulimwita yule mtoto mbele ya wenzake, tukamwambia kwamba kosa lilikuwa letu.