Saratani ya matiti: nani yuko hatarini, na nini kinaweza kufanyika?

KIGALI – Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa kuwapata wanawake duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, iliua watu wapatao 670,000 mwaka 2022.

Hatari kubwa zaidi ni mbili ambazo hakuna awezaye kuziepuka: kuwa mwanamke na kuongezeka umri. Takriban nusu ya wagonjwa hawana sababu nyingine inayojulikana. Wanaume nao huugua, ingawa hawafiki asilimia moja ya wagonjwa wote au huipita kidogo tu.

Madaktari wanapokadiria hatari ya mtu, huuliza alivunja ungo akiwa na umri gani, alijifungua mtoto wa kwanza lini, na kama mama, dada au binti yake amewahi kuugua. Kipimo maarufu cha aina hiyo, kijulikanacho kwa jina la mtafiti Mitchell Gail, kilitungwa Marekani mwaka 1989 kwa takwimu za wanawake weupe. Kwa hiyo alama zake hazifai kuchukuliwa kama zilivyo kwa mwanamke wa Nyarugenge au Musanze. Jeni zenye kasoro zinazorithiwa huchangia asilimia 5 hadi 10 tu ya wagonjwa. Asiye na historia ya ugonjwa huo katika ukoo wake hana kinga.

Yapo yanayopunguza hatari: kunyonyesha kwa muda mrefu, kuacha au kupunguza pombe, kudhibiti uzito hasa baada ya kukoma hedhi, na mazoezi. Jijini Kigali, siku za barabara bila magari, zilizoanza mwaka 2016, huwakutanisha wakazi kwa mazoezi na vipimo vya bure vya maradhi yasiyoambukiza. Hata hivyo, hakuna kati ya hayo kinachoondoa hatari kabisa, na ndiyo maana kugundua mapema kuna uzito mkubwa.

Hapo ndipo penye tatizo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliowahusisha wagonjwa 144 wa hospitali mbili za vijijini nchini Rwanda, ulionyesha kuwa takriban robo tatu yao waligunduliwa katika hatua ya tatu au ya nne. Lawama mara nyingi huelekezwa kwa wanawake kwamba huchelewa, lakini utafiti huo ulibaini kwamba muda wa kati uliopotea kabla ya kufika kituoni ulikuwa miezi mitano, na miezi mitano mingine ilipotelea ndani ya mfumo wa afya wenyewe, kutoka kituo kimoja hadi kingine. WHO inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60.

Tangu hapo, wauguzi wa vituo vya afya wilayani Burera wamefunzwa kupima matiti kwa mikono, na hospitali ya Butaro, yenye kituo cha saratani kilichofunguliwa mwaka 2012, imewafunza watumishi wake kutumia ultrasaundi. Tiba ya mionzi, ambayo zamani iliwalazimu wagonjwa kwenda nje ya nchi, inapatikana katika Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe tangu mwaka 2019.

Uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu ni dalili za kumwona muuguzi mara moja, hata kama hakuna maumivu. Uvimbe wa saratani hiyo mara nyingi hauumi mwanzoni.