Njia ya Bidean nam Bian na Ahadi ya Mwaka 1937

Kila mawe mapya yanapopangwa kwenye vijia vya bonde la Glencoe, lililoko magharibi mwa Nyanda za Juu za Uskoti, huzuka tena mjadala kuhusu barua iliyoandikwa Novemba 1937. Mjadala huo unaihusu pia njia ya siku moja inayopanda korongo la Coire Gabhail, ikafika kilele cha Stob Coire Sgreamhach chenye meta 1,072, kisha ikafuata mgongo wa mlima hadi Bidean nam Bian, kilele cha meta 1,150 ambacho kilikuwa kirefu kuliko vyote katika kaunti ya zamani ya Argyll.

Habari za kale za mahali hapo zinajulikana: inasimuliwa kuwa ukoo wa MacDonald ulificha ng'ombe korongoni humo, na tarehe 13 Februari 1692 watu wapatao 38 wa ukoo huo waliuawa na askari waliokuwa wamekaribishwa majumbani mwao. Mwaka 1891 Hugh Munro alichapisha orodha ya milima ya Uskoti inayozidi futi 3,000, yaani takriban meta 914, ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Aliyeamua hatima ya njia hii, hata hivyo, ni Percy Unna, mhandisi wa ujenzi aliyekuwa rais wa Klabu ya Wapanda Milima ya Uskoti. Ardhi ya Glencoe ilipouzwa, Unna alichangisha fedha miongoni mwa wapanda milima, akatoa pia zake bila kutaka kutajwa, hata Amana ya Taifa ya Uskoti, ambalo ni shirika la hiari la kuhifadhi urithi, ikaimiliki kwa awamu mwaka 1935 na 1937. Fedha hizo ziliandamana na masharti aliyoyaeleza katika barua yake hiyo ya Novemba 1937: umma uruhusiwe kuingia bila kizuizi, uwindaji wa kulungu ukome, pasijengwe hoteli wala vibanda vya kujihifadhi, pasiwekwe vibao wala alama za rangi, vijia visipanuliwe, na juu ya yote, milima isifanywe kuwa rahisi wala salama zaidi kupandwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililozua ugomvi mkubwa. Masharti hayakuwa sheria ya nchi, nayo Amana iliyachukua kuwa mwongozo. Hivyo lilipojengwa jumba la wageni ndani ya bonde lenyewe katika miaka ya 1970, wapanda milima wengi waliona kwamba wafadhili wamesalitiwa. Lawama hiyo ilistahili, kwa kuwa anayepokea mchango pamoja na masharti yake hapaswi kuyasahau mchangaji anapofariki, na Unna alikuwa amefariki mlimani mwaka 1950. Jumba hilo baadaye lilibomolewa, na jipya likafunguliwa mwaka 2002 karibu zaidi na kijiji.

Suala la vijia ni gumu zaidi, kwa maana nyayo za umati huchimbua udongo wa mboji, mvua ikaugeuza mfereji, na ngazi za mawe huzuia jeraha hilo lisienee. Ukarabati wa namna hiyo unaweza kutetewa maadamu unakomea kwenye kuilinda ardhi. Ukivuka hapo ukawa wa kumrahisishia mpandaji, utakuwa umevunja ahadi iliyoinunua milima hiyo.