Historia Fupi ya Kutendua: Vitufe Vidogo na Haki ya Kukosea

Katika ofisi nyingi za umma na katika maabara za kompyuta za shule zetu, agizo la kwanza analopewa mgeni wa mashine hii ni moja: "Usiguse, utaharibu." Agizo hilo limezaa watumiaji waoga. Karani huanza barua upya kwa sababu aya moja imetoweka, na mwanafunzi humsubiri fundi kwa jambo ambalo vitufe viwili vingelimaliza. Hoja yangu ni kwamba woga huo unapingana na historia ya kompyuta yenyewe. Njia za mkato tunazoziita "ujanja wa kompyuta" zilibuniwa na watu walioamini kwamba mtumiaji anapokosea, chombo ndicho cha kurekebishwa kwanza.

Turudi miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Xerox kilichoko Palo Alto, California. Hapo palikuwa na programu ya kuandikia iliyoitwa Bravo. Ilifanya kazi kwa hali mbalimbali: katika hali moja herufi ziliandikwa, katika nyingine kila herufi ilikuwa amri. Mtu aliyesahau yumo katika hali ipi akachapa neno "edit", yaani hariri, alipata maafa. Herufi ya kwanza iliteua hati nzima, ya pili ikaifuta, ya tatu ikafungua nafasi ya kuandika, na ya nne ikaandikwa. Kazi yote ikabaki herufi moja, t.

Mtafiti mmoja wa kituo hicho, Larry Tesler, hakukubali kwamba dawa ya tatizo hilo ilikuwa kuwakaripia watumiaji. Alimketisha karani mgeni mbele ya skrini tupu na kumwomba aeleze jinsi ambavyo angependa kusahihisha maandishi. Mwenzake, Tim Mott, alikwenda kwa wahariri wa Ginn, kampuni ya vitabu vya kiada iliyomilikiwa na Xerox huko Massachusetts, akatazama kazi yao. Wahariri hao walikata karatasi kwa mkasi na kuzibandika kwa gundi. Kutokana na mazungumzo hayo Tesler na Mott waliunda programu iliyoitwa Gypsy, na ndani yake amri za kukata, kunakili na kubandika zikapata sura tunayoijua leo. Wataalamu walikuwa wameketi miguuni pa makarani ili wafundishwe.

Mwaka 1980 Tesler alihamia kampuni ya Apple. Kompyuta yake ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, iliweka amri nne kwenye vitufe vinne vinavyofuatana katika safu ya chini, upande wa kushoto: Z kutendua, X kukata, C kunakili, V kubandika. Baadaye Windows ikafuata mpangilio huohuo kwa kutumia kitufe cha Ctrl. Mkono wa kushoto hufanya kazi zote nne bila kuhama, huku wa kulia ukibaki kwenye kipanya.

Linganisha na Ctrl, Alt na Delete. Mchanganyiko huo ulibuniwa na mhandisi David Bradley wa IBM, wakati kampuni hiyo ikitengeneza kompyuta yake binafsi iliyotoka mwaka 1981. Kazi yake ilikuwa kuiwasha mashine upya papo hapo, hata kama kazi haijahifadhiwa. Mwanzoni alitumia Ctrl, Alt na Esc, lakini vitufe hivyo viko upande mmoja na vingeweza kubonyezwa kwa bahati mbaya. Akachagua Delete, kitufe cha mbali, ili ihitajike mikono miwili.

Hapa ndipo penye kanuni ninayotaka wanafunzi wa utawala waitafakari. Jambo linaloweza kurudishwa lilifanywa jepesi. Jambo lisiloweza kurudishwa lilifanywa gumu. Taasisi zetu ngapi zimepangwa hivyo? Mara nyingi kurekebisha herufi moja ya jina kwenye cheti huhitaji safari, viapo na mihuri, ilhali uamuzi wa kuvunja kibanda cha mchuuzi hutekelezwa asubuhi moja.

Lugha yetu haikuhitaji kuazima dhana hii. Sarufi ya Kiswahili ina kauli nzima iitwayo kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, bandika na bandua. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, na programu kadhaa zilizotafsiriwa tangu hapo huiita amri hii kwa jina lake halisi, tendua. Hata hivyo, ofisi nyingi bado hutumia mashine zenye menyu za Kiingereza, na hilo huongeza woga.

Basi mtumishi na mwanafunzi wayajue haya. Ctrl na Z hutendua, Ctrl na Y hurudia kilichotenduliwa, na Ctrl na S huhifadhi. Katika Windows, faili lililofutwa kwenye diski ya kompyuta kwa kawaida hukaa kwenye pipa la taka na huweza kurejeshwa. Lakini ukifuta kwa Shift na Delete, au ukifuta lililo kwenye flashi, kwa kawaida halipiti kwenye pipa hilo. Tahadhari ihifadhiwe kwa ajili ya hayo. Na yeyote anayeshika taarifa za wananchi abonyeze kitufe cha Windows na L kila anyanyukapo kitini, skrini ijifunge.

Wakufunzi nao wabadili somo la kwanza. Mgeni apewe hati isiyo na thamani, aambiwe aiteue yote kwa Ctrl na A, aifute, kisha abonyeze Ctrl na Z na kuiona ikirudi. Baada ya hapo hatakuwa na sababu ya kuuliza kama anaruhusiwa kugusa.