Ramani ya Gesi Iliyolala Chini ya Ziwa Kivu

Mwanasayansi Mbelgiji Hubert Damas alipoyapima maji ya Ziwa Kivu mwaka 1935 na 1936, alikuta mambo yaliyo kinyume na mazoea. Katika maziwa mengi, kadiri unavyoshuka ndivyo maji yanavyopoa. Hapa yalipoa kidogo, kisha yakaanza kupata joto tena, yakazidi chumvi, na kule chini yalijaa gesi iliyoyeyuka. Maji ya joto yangepaswa kupanda juu. Hayapandi, kwa kuwa chumvi na hewa ya ukaa vimeyafanya mazito kuliko yale yanayoyafunika. Ziwa letu limejengwa sakafu juu ya sakafu, mithili ya ghorofa lisilo na ngazi.

Sisi wa Bukavu tunaliona ziwa hili kila asubuhi, kuanzia mtaa wa Nguba hadi wa Muhumba. Tunafua humo, tunakula samaki wake wadogo, sambaza. Ghala la gesi lililomo ndani yake tulilijua polepole, kipimo kwa kipimo.

Kituo cha utafiti cha IRSAC kilianzishwa mwaka 1947, makao yake yakawa Lwiro, kaskazini mwa mji wetu, ambapo leo kuna kituo cha utafiti wa sayansi asilia, CRSN. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa Kibelgiji walilipima ziwa upya. Mwaka 1955 Schmitz na Kufferath walichapisha utafiti kuhusu gesi ya maji ya kina, na mwaka 1960 André Capart akatoa ramani ya kina cha ziwa zima. Ningependa ramani ya namna hiyo itundikwe katika kila shule ya sekondari ya Bukavu. Mtoto angeona kwamba ghuba yetu ya kusini ina kina cha mita 100 hivi tu, ilhali upande wa kaskazini maji yanashuka hadi mita 485.

Mwaka 1971 na 1972 walikuja watafiti wa taasisi ya Woods Hole ya Marekani, wakiongozwa na Egon Degens. Wao walituma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake, hata wakaona matabaka ya mashapo yaliyo chini ya sakafu ya ziwa. Ndipo historia ya bonde ilipozidi kusomeka: zamani maji ya huku yalielekea kaskazini, mpaka volkano za Virunga zilipoziba njia. Ziwa likajaa, likatafuta mlango kusini. Mlango huo ndio mto Ruzizi tunaouvuka kwenda Rwanda.

Baadaye katika muongo huo Mjerumani Klaus Tietze alipima kiasi cha gesi yenyewe. Makadirio yanayotumika hadi leo ni kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ya ukaa na 60 za methani, kama zingetolewa juu na kupimwa kwa kanieneo ya kawaida. Kwa hesabu yangu, hiyo hewa ya ukaa inakaribia tani milioni 600. Huko Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, tangu mwaka 1996 wamekuwa wakiisukuma gesi hii ndani ya mchanga ulio mita 800 au zaidi chini ya sakafu ya bahari, miaka ya mwanzo takriban tani milioni 1 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo wangehitaji karibu miaka 600 kufikia kile ambacho Kivu imekishika bila mtambo.

Lakini Sleipner kifuniko ni mwamba. Kwetu kifuniko ni maji.

Uzito wa neno hilo ulijulikana tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilipotapika hewa ya ukaa usiku. Gesi hiyo, nzito kuliko hewa, ilitiririka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700. Nyos ni dimbwi likilinganishwa na Kivu, na kando ya Kivu wanaishi watu zaidi ya milioni 2.

Kwa hiyo tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilipokatiza mji wa Goma na kuingia ziwani, swali lilikuwa moja: je, gesi itaamka? Hapo ndipo vipimo vya miaka yote hiyo vilipotufaa. Watafiti walipima tena na kukuta lava imefika kina cha mita 100 hivi, wakati gesi nyingi imelala chini ya mita 260. Matabaka ya chini hayakuvurugika.

Leo anayetaka kuhifadhi hewa ya ukaa ardhini huanza kwa kompyuta, akipanga ramani moja juu ya nyingine: miamba, nyufa, matetemeko, makazi ya watu. Kwa kipimo hicho, nchi yetu ya bonde la ufa ingefutwa mapema. Nani amesahau tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 hapa Bukavu? Hata hivyo gesi haikusubiri mpango wa mtu. Ilikuwapo, ikabidi ichorwe pale ilipo.

Na si gesi yote iliyomo majini. Kati ya Goma na Sake inatoka ardhini kupitia nyufa, inatuama katika vibonde usiku, na alfajiri huua mbuzi, hata watu. Wenyeji wanaiita mazuku. Watafiti waliochora ramani za vibonde hivyo walilichukua neno hilo jinsi lilivyo, na katika majarida ya sayansi ya Ulaya limeandikwa vivyo hivyo: mazuku.