Mangwair na Miaka Kumi ya Sauti Kutoka Bara

Historia ya Ufipa tuliyozoea kuisoma ina utemi wa Milansi, ina Nkansi na Lyangalile, ina tanuri za udongo zilizomzidi mtu kimo ambamo mafundi waliyeyusha chuma. Ina pia wanaume walioondoka uwanda wa juu wakati wa mkoloni kwenda kukata mkonge Tanga. Muziki uliowalea vijana wa hapa Sumbawanga mwanzoni mwa miaka ya 2000 haumo. Pengo hilo linaniuma, maana muziki ule haukuwa wa Dar es Salaam peke yake, na mmoja wa mabingwa wake wakubwa alizaliwa jirani yetu.

Albert Mangwea, aliyejulikana kama Mangwair au Ngwair, alizaliwa Mbeya tarehe 16 Novemba 1982. Miaka minane tu kabla ya hapo, hadi Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, Sumbawanga yenyewe ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya. Akiwa bado mdogo familia yake ilihamia Morogoro, akasoma shule ya msingi huko, kisha akaenda Dodoma, Sekondari ya Mazengo. Shule hiyo ilibeba jina la mtemi maarufu wa Wagogo, na tangu mwaka 2007 majengo yake ni ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Mbeya, Morogoro, Dodoma: hiyo ndiyo njia iliyomkuza, na yote ni miji ya bara.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ramani ya muziki wa kizazi kipya ilichorwa mapema na kwa upendeleo. Temeke ilikuwa na Juma Nature na kundi la Wanaume, Arusha ikawa na X Plastaz, Mwanza ikamtoa Fid Q. Mbeya ilijivunia Mr II, yaani Sugu, ambaye baadaye aliiwakilisha bungeni kuanzia 2010 hadi 2020. Dodoma watu waliijua kwa Bunge na zabibu. Chamber Squad ndiyo iliyoubadili mtazamo huo: Mangwair, Noorah, Dark Master na Mez B, vijana waliokuja studio wakiwa tayari wamenolewa na mabishano ya mistari mitaani.

Mangwair alipofika kwa mtayarishaji P-Funk Majani, pale Bongo Records, mambo yalikwenda kasi. "Ghetto Langu" ilimtambulisha nchi nzima. Ilizungumzia chumba cha kijana aliyeanza kujitegemea, na chumba cha namna hiyo kilikuwepo Mazwi, Majengo na Chanji, hapa Sumbawanga, sawasawa na kilivyokuwepo Sinza, Dar es Salaam. Albamu yake, a.k.a. Mimi, ilitoka mwaka 2004, ikiwa pia na "Mikasi", wimbo ambao hadi leo ukipigwa sherehe haikaliki.

Kilichomtofautisha, kwa sikio langu, ni utulivu. Wengi wa rika lake walichana kwa kufoka, kana kwamba kipaza sauti kitanyang'anywa. Yeye alizungumza. Aliuacha mdundo utangulie kidogo, akauchelewesha mstari, kisha akatua na kina mahali ambapo msikilizaji hakukitarajia. Ndiyo maana alitamba katika mitindo huru: ukimpa mdundo wowote, aliujaza papo hapo bila karatasi, na watu wa fani walikubali kwamba wachache mno walimfikia. Huo ni ufundi wa kutunga huku unasema, na jamii zetu ziliuenzi katika ngoma za mavuno na za harusi muda mrefu kabla ya studio. Sioni kwa nini tuusifu kwa wazee tu.

Kipato hakikulingana na jina. Kanda ziliuzwa na wasambazaji, nakala bandia zikauzwa zaidi, na msanii akabaki kutegemea maonyesho. Maonyesho ndiyo yaliyompeleka Afrika Kusini. Alifariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013, akiwa na miaka 30. Alizikwa Kihonda, Morogoro, baada ya umati mkubwa kumuaga. Haikupita hata mwezi: tarehe 13 Juni akafariki rapa Langa Kileo, aliyekuwa amezungumza hadharani kuhusu vita yake na dawa za kulevya. Mez B wa Chamber Squad alimfuata Mangwair Februari 2015.

Afrika Mashariki ilikuwa imeshaonja msiba wa aina hii. Rapa E-Sir wa Nairobi alikufa kwa ajali ya gari Machi 2003, akiwa na miaka 21, albamu yake Nimefika ikiwa bado mpya masikioni. Na mtindo ambao vijana wanaupenda sasa, drill, uliozaliwa Chicago, ukageuzwa London na kuvuka tena hadi New York, una marehemu wake: Pop Smoke wa Brooklyn aliuawa Los Angeles tarehe 19 Februari 2020, akiwa na miaka 20, baada ya kuvuma kwa muda usiofika hata mwaka mmoja. Kundi la Buruklyn Boyz la Nairobi limeitia drill lafudhi ya Buruburu. Kijana wa Sumbawanga mwenye simu na mdundo wa kupakua naye anaweza kuitia lafudhi ya uwanda wa juu.

Ila nyimbo za simu hupotea pamoja na simu, kama kanda za mwaka 2004 zilivyoliwa na vumbi. Ufipa ilibahatika kumpata mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeandika juu ya himaya zake wakati wazee waliojua bado wanasema. Waliorekodi na Mangwair, wakiwemo P-Funk na wenzake wa Chamber Squad waliobaki, wanapaswa kuhojiwa kwa kirefu sasa, na kanda halisi za Bongo Records zipatiwe nafasi katika hifadhi ya taifa. Hapa Sumbawanga kazi ianzie kwa waliokuwa wakiuza na kurekodi kanda sokoni: waulizwe zipi zilikwisha haraka, na nani alizinunua.