Aliyejifundisha Kuandika kwa Siri: Safari ya Elimu ya Mtoto wa Kike Zanzibar

Leo tuweke mishono na mapishi pembeni, tuzungumze historia. Wapo wanaosema kumsomesha binti ni mambo ya kuletewa juzi tu. Hebu tutazame.

Bibi Salme binti Said, mtoto wa Sultani, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Alisomeshwa Qur'ani, lakini kuandika hakufundishwa, kwani kwa mabinti ilionekana haifai. Akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akanakili herufi za msahafu mpaka mkono ukazoea. Mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua nduguye Majid, Salme ndiye aliyeandika barua za njama ile, naye ana miaka kama 15 tu. Baadaye akahamia Ujerumani, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake. Mengi tunayoyajua ya ndani ya majumba yale tunayajua kwa kalamu yake.

Huyo binti wa mfalme. Wa mkulima na mvuvi je?

Miaka ya 1870 wamisionari wa Kiingereza walikuwa na skuli Mbweni ya mabinti waliokombolewa utumwani. Wazee wengi wa Kiislamu hawakutaka watoto wao wasome kwa wamisionari, wakichelea dini yao. Hofu hiyo ina maana yake. Skuli ya serikali ya wavulana ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, lakini ya wasichana ilisubiri mpaka 1927. Ndani yake dini ilisomeshwa pia, na wazazi wakaanza kupeleka mabinti. Sekondari ya wasichana ikaja 1947. Kwa hiyo wazee wetu hawakuichukia elimu; walitaka kujua mtoto atalelewa vipi huko aendako.

Likabaki suala la pesa. Nyumba yenye watoto watano na ada ya mmoja, ataenda nani? Kaka. Dada atabaki jikoni. Ndiyo maana tangazo la elimu bila malipo la tarehe 23 Septemba 1964 lilikuwa kubwa kwetu wanawake kuliko wengi wanavyodhani. Ada ilipoondoka, sababu ya kuchagua kati ya kaka na dada ilipungua nguvu.

Nasema haya nikiwa fundi cherehani. Wanakuja kwangu mabinti kujifunza kushona. Mkono wanao, jicho wanalo. Lakini aliyekatishwa skuli mapema hukwama kwenye kugawa kiuno kwa nne, na daftari la madeni humwandikia mtu mwengine. Mwenye kukuandikia deni ndiye mwenye biashara, si wewe.

Tangu 2010 Zanzibar inamruhusu binti aliyepata mtoto arudi skuli. Mlango upo. Lakini mlango hauingiwi kwa kutazamwa: lazima bibi akubali kumshika mchanga, baba apunguze maneno, na majirani wafunge midomo.

Basi dada yangu, mama yangu, mtaani kwako yupo binti aliyebaki nyumbani. Muulize amefika darasa la ngapi, kisha kaa na wazazi wake mzungumze. Salme alijificha ili ajue kuandika. Wetu wasijifiche.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.